Kanda na santuri zetu zinaharibikia njiani kuelekea kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie jambo aliloligusia msomaji mwenzangu hivi karibuni, alipolalamika kwamba kanda za kwaya alizozipeleka kwenye duka la huduma za kompyuta ili zihamishiwe kwenye flashi zilirudi zikiwa na sauti ya kukoroma, naye akahitimisha kwamba kanda za zamani zimeshakufa na hakuna dawa. Mimi ni fundi redio hapa Tabora, na kwa miaka kadhaa sasa kazi inayoniletea wateja wengi ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti na santuri kwenda kwenye kompyuta. Kwa ninayoyaona mezani kwangu, kanda nyingi tunazoambiwa zimekufa ziko hai kabisa. Kinachokufa ni nakala, na mara nyingi inafia mahali pamoja: pale mhudumu anapomaliza kuhamisha santuri na kuanza kaseti, au anapotoka kwenye kaseti kwenda kwenye santuri, akachomoa waya wa chombo kimoja na kuchomeka wa kingine, kisha akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Juzijuzi mama mmoja aliniletea flashi yenye mawaidha ya marehemu baba yake, aliyoyatoa msikitini miaka ya themanini na ambayo familia ilikuwa imeyahifadhi katika kaseti moja ya dakika 60. Aliniamkia, akakaa, kisha akaniuliza kwa upole: "Mzee wangu, hii ni sauti ya baba kweli, lakini mbona humu ndani namsikia mtu anauliza bei ya kutoa kopi?" Tulipoisikiliza pamoja, ilikuwa hivyo hasa. Sauti ya shehe ilikuwa mbali, imefifia na kujaa mwangwi wa chumba, na juu yake kulikuwa na honi ya bodaboda, kiti kinachoburutwa sakafuni, na kijana anayejibu kwamba kopi ni shilingi mia. Waya wa kaseti ulikuwa umechomekwa, sina shaka na hilo. Ila programu ya kurekodi ilikuwa bado inasikiliza kupitia maikrofoni ndogo iliyo juu ya kioo cha kompyuta mpakato, na mawaidha yaliingia humo baada ya kutoka kwenye spika na kuzunguka duka zima. Kaseti yenyewe, ambayo kwa bahati njema hakuwa ameitupa, nilipoiweka kwenye deki ilitoa sauti safi kiasi cha kumsikia shehe akifunua kurasa.

Sisi tuliozoea amplifaya tunajua kwamba ukigeuza kitasa cha kuchagulia chombo, kazi imekwisha. Kompyuta nayo ina sehemu za kuchagulia, lakini ziko mbili au tatu, na zote zimejificha. Kuna uchaguzi wa mfumo wenyewe wa kompyuta, kuna uchaguzi wa programu ya kurekodi, na ndani ya kila mmoja wao kuna orodha ya mahali sauti inapotoka na orodha nyingine ya mahali inapokwenda. Audacity, programu isiyouzwa ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na ambayo ndiyo naiona katika maduka mengi hapa mjini, huorodhesha vyombo vilivyokuwapo wakati inafunguliwa. Ukichomeka pleya ya santuri ya USB, au kile kiboksi cha kuingizia sauti, baada ya programu kuwa imekwisha kufunguka, haitakiona mpaka uiamuru ichunguze upya vyombo vya sauti au uifunge na kuifungua tena. Mhudumu hakioni chombo chake kwenye orodha, anaacha kilichokuwapo, na kilichokuwapo ni maikrofoni ya kioo.

Kinyume chake pia hutokea. Windows ikiona chombo kipya cha USB, mara nyingine huamua kwamba hicho ndicho sasa kitakuwa njia kuu ya sauti, ya kuingia na ya kutoka. Spika za duka zinanyamaza ghafla, mhudumu anadhani ameharibu kitu, anaanza kugeuza kila kitufe anachokiona, na atakapoipata tena sauti ya spika atakuwa amekwisha kuivuruga njia ya kurekodia. Hata kuhamisha waya wa USB kutoka tundu moja kwenda jingine kunaweza kuifanya kompyuta ikihesabu chombo kilekile kuwa kigeni na kukipa jina jingine lenye namba mbele yake, ilhali programu bado inalitafuta jina la zamani. Ndiyo maana mimi nimeyawekea matundu yangu alama ya rangi ya kucha, nyekundu kwa santuri na nyeupe kwa kaseti, na vijana wanaonisaidia wanajua kwamba kuyabadilisha ni ugomvi.

Ipo njia rahisi ya kujua kama unarekodi chombo au unarekodi chumba, na haihitaji elimu yoyote. Kabla hujaanza, simamisha kaseti, iweke programu katika hali ya kupima sauti, kisha gonga kwa ukucha ubavuni mwa kioo cha kompyuta. Kipimo kikiruka, acha hapohapo, kwa sababu unasikiliza maikrofoni. Kisipotikisika, washa kaseti. Kikiruka sasa, umepata njia. Na kama kaseti inazunguka lakini mstari umelala bila kutikisika hata kidogo, usiilaumu kaseti kabla hujakagua mipangilio ya faragha ya Windows, kwa kuwa ruhusa ya kutumia maikrofoni ikizimwa huweza kuifungia programu hata sauti inayoingia kwa waya.

Jambo la Bluetooth nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu limezuka pamoja na hizi spika ndogo zinazopigwa dukani kutwa nzima. Spika nyingi za aina hiyo zina maikrofoni ndani yake, kwa ajili ya kupokelea simu. Kompyuta ikijiunga nayo, inaiweka kwenye orodha zote mbili, ya kutolea sauti na ya kuingizia. Mhudumu akiichagua kwa bahati mbaya kuwa ya kuingizia, spika inabadili tabia na kufanya kazi kama simu: sauti inakuwa ya upande mmoja tu, na inachukuliwa kwa sampuli (yaani vipimo vidogovidogo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 zinazotumika kwenye CD. Hapo kwaya nzima inasikika kama watu wanaopiga simu kutoka kijijini. Ushauri wangu ni mfupi: wakati wa kurekodi, Bluetooth izimwe, na anayetaka muziki dukani apige kwa redio.

Sasa nije kwenye kosa ambalo limeharibu santuri nyingi zaidi kuliko yote niliyoyataja, yaani kutumia njia moja kwa vyombo viwili visivyofanana. Santuri haikuchongwa kwa sauti ile unayoisikia. Watengenezaji waliona mapema kwamba besi ikichongwa ilivyo, mfereji unakuwa mpana mno na sindano inaruka, na kwamba sauti nyembamba zikichongwa zilivyo zinamezwa na mkwaruzo wa sahani yenyewe. Kwa hiyo besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kuchonga, na chombo cha kupigia kinatakiwa kuyarudisha yote mahali pake. Kanuni ya kufanya hivyo iliwekwa na chama cha watengeneza santuri wa Marekani, RIAA, mwaka 1954, na ndiyo inayofuatwa mpaka leo. Tofauti si ndogo: katika ncha zote mbili za usikivu wa binadamu inakaribia desibeli 20. Isitoshe, sindano ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, milivolti tatu hadi tano hivi, ambao lazima ukuzwe takriban mara 100 kabla kompyuta haijaweza kuupokea vizuri.

Kazi hizo mbili, ya kukuza na ya kusawazisha, hufanywa na tundu la amplifaya lililoandikwa PHONO, au na kiboksi kidogo cha pekee, au na mtambo uliomo ndani ya pleya zenye swichi ya PHONO na LINE kwa nyuma. Kaseti haihitaji hata moja kati ya hizo. Deki hutoa karibu nusu volti, ikiwa imekwisha kusawazishwa ndani kwa ndani. Hebu msomaji apige hesabu mwenyewe ya kinachotokea mhudumu anapomaliza santuri, akachomoa waya zake na kuchomeka waya za deki kwenye tundu lilelile: nusu volti ikizidishwa mara 100 ni volti 50, ambazo kiboksi kile hakina uwezo wa kuzitoa, hivyo vilele vyote vya sauti vinakatwa na besi iliyokwisha kuwa sawa inaongezwa tena. Ndiyo kukoroma kule alikokusema msomaji mwenzangu. Ningeweka dau kwamba kanda zake za kwaya zilipitishwa mahali palipotoka santuri ya mtu mwingine.

Kosa la upande wa pili halipigi kelele, na kwa hiyo ni baya zaidi. Mtu anayetoka kwenye kaseti kwenda kwenye santuri, akaipeleka sindano moja kwa moja kwenye njia ya kaseti, atapata sauti ndogo sana. Ataipandisha kwa kompyuta mpaka isikike, na itasikika, lakini nyepesi kama uji uliozidishiwa maji, haina besi, imejaa mikwaruzo, na kila herufi ya "s" inapiga mluzi. Mteja kijana asiyewahi kusikia santuri ataamini kwamba ndivyo muziki wa zamani ulivyokuwa. Hapa Tabora jambo hili linauma kwa namna ya pekee, maana katika masanduku ya nyumba nyingi bado zimo santuri ndogo za mizunguko 45 za muziki wa dansi, nyingi zikiwa zilichapwa Nairobi, na miongoni mwake zimo za Tabora Jazz, bendi iliyolitangaza jina la mji huu kwa mtindo wa Segere Matata. Muziki wa dansi bila gitaa la besi ni muziki wa nani? Nimeshaletewa nakala ambayo gitaa hilo halisikiki kabisa, na mwenye nayo akaniomba "nimwongezee besi kidogo", wakati besi yote ilikuwa imekaa salama ndani ya sahani nyumbani kwake.

Kwa santuri zile nzito za mizunguko 78 zinazovunjika zikidondoka, sindano ni nyingine tena, nene zaidi, na nyingi zilichongwa kwa kanuni za kabla ya RIAA. Mwenye nazo asimkabidhi mtu ambaye hajui kutaja tofauti hiyo.

Tukirudi kwenye kaseti, ambayo Philips waliileta sokoni mwaka 1963 na ambayo ilikuwa daftari la sauti la karibu kila familia, lipo suala la aina ya chombo. Deki nzuri zimekuwa adimu, na wengi wanatumia redio kaseti kwa kuchukua sauti kutoka tundu la hedifoni. Si vibaya, mradi ieleweke kwamba tundu hilo hutii volyumu, wakati matundu ya nyuma ya deki hayaitii. Aliyezoea deki akihamia kwenye redio kaseti atakuta kiwango kimebadilika kabisa, na kila mtu akiigusa volyumu katikati ya kazi, nakala inapanda na kushuka. Mimi huiweka volyumu kati, nikabandika utepe juu ya kitasa, kisha marekebisho yote nayafanya upande wa kompyuta. Kitufe cha Dolby, yaani mtindo wa kupunguza mkwaruzo wa kanda, kama kipo, kizimwe, isipokuwa kama kanda yenyewe imeandikwa kwamba ilirekodiwa kwa Dolby. Kanda zetu za harusi, mahubiri na ngoma za Kinyamwezi kwa kawaida hazikurekodiwa hivyo, na kitufe hicho kikiwashwa kinaziondolea uhai wa juu bila sababu. Zile pleya ndogo za plastiki za kuhamishia kaseti kwa USB sizipendekezi kwa kitu chenye thamani, kwa sababu mwendo wake hauko thabiti, na sauti ya mwimbaji inayoyumba hakuna programu inayoinyoosha vizuri.

Kabla ya kila kaseti hedi, yaani kile kichwa kinachosoma kanda, isafishwe kwa pamba na spiriti safi, kisha isikilizwe kama imekaa wima sawasawa na namna kanda hiyo ilivyorekodiwa. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi kwa kazi hiyo, na anayejua kuigeuza kwa bisibisi ataona sauti nyembamba zikifunguka ghafla baada ya robo mzunguko tu. Asiyeijua asiiguse.

Suala jingine linalohusu kubadilisha vyombo ni tundu la kompyuta mpakato. Nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la duara, la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, na upande wake wa kuingizia ni wa maikrofoni: hupokea sauti ya upande mmoja, huikuza kupita kiasi, na mara nyingi huipitisha kwenye vichujio vya kupunguza kelele ambavyo havitofautishi kati ya feni na manyanga. Santuri ya stirio ikiingizwa humo inapoteza nusu yake. Kiboksi cha nje cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia, chekundu na cheupe, hakikwepeki kwa mtu anayetoza watu fedha kwa kazi hii. Kifanyacho kazi hiyo vizuri si lazima kiwe cha bei kubwa, ila kisiwe kile chenye tundu la maikrofoni pekee.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma baada ya kubadilisha chombo, huo kwa kawaida ni umeme wa majumbani, ambao kwetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Kwa santuri, tazama kama ule waya mwembamba wa ethi wa pleya umefungwa kwenye skrubu yake, maana watu huusahau kwa kuwa kaseti haina. Ukiwa umefungwa na mvumo bado upo, chomoa chaja na urekodi kwa betri ya kompyuta. Mara nyingi mvumo huondoka na chaja. Betri ina faida nyingine ambayo mkazi yeyote wa mkoa huu anaielewa, kwani umeme ukikatika katikati ya upande wa kwanza, walau faili halipotei.

Kuhusu viwango nitasema kwa ufupi. Kila chombo kikibadilishwa kipimo kianze upya, kwa kutafuta sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote na kuiacha ifike kwenye desibeli 6 hivi chini ya kikomo cha juu cha kipimo, si juu zaidi, kwa sababu sauti iliyokatwa vilele haiponi. Faili la kwanza lihifadhiwe kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza chochote katika sauti, na MP3, ambayo hupunguza ili faili liwe dogo, itengenezwe baadaye kwa ajili ya simu. Wahudumu husema WAV inajaza flashi, na ni kweli kwamba saa moja ya ubora wa CD huchukua takribani MB 635, lakini flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 40 za namna hiyo, na bei yake haifikii hata pesa tunayochangishana kwa sare za harusi moja.

Kwa hiyo nina maombi kwa pande mbili. Wenye maduka, ambao wengi wao ni vijana wangu na ninawaheshimu kwa kuwa wanatafuta riziki halali, watenge njia mbili za kudumu, ya santuri na ya kaseti, kila moja na waya zake na alama yake, na kwenye kila flashi wanayoikabidhi waweke faili fupi la maandishi linalotaja chombo kilichotumika, tundu lililotumika, na tarehe. Atakayeisikiliza sauti hiyo baada ya sisi kuondoka ataweza kujua kama kasoro aliyoisikia ni ya kanda au ya waya. Kama kuna mtu katika ofisi za utamaduni za wilaya anayesoma safu hii, karatasi moja ya maelekezo ya namna hiyo, ikabandikwa ukutani katika kila duka linalotoa huduma hii, haitamgharimu mtu.

Na wenye kanda msikubali kuondoka dukani kabla ya kusikiliza dakika mbili za mwanzo, mbili za katikati na mbili za mwisho, kwa hedifoni na kwa masikio yote mawili. Msitupe kaseti wala santuri hata mkiambiwa kazi imekamilika, kwa kuwa nakala mbovu inaweza kurudiwa mradi chanzo kipo. Yule mama wa mawaidha sasa anayo nakala nyingine, na kaseti nilimrudishia ikiwa ndani ya kasha lake, nimevivunja vile vijipande viwili vya plastiki vya nyuma ili mtoto asije akarekodi juu yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi redio,
Ng'ambo, Tabora